Nyota hubadilika, na moja hupita juu ya paa zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nisahihishe jambo lililoandikwa katika ukurasa wa wanafunzi wa toleo lenu la Jumamosi iliyopita. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini nyota aliyoizoea, ambayo hakuitaja jina, ilionekana hafifu kuliko alivyoiona siku chache kabla. Mwandishi wa ukurasa huo alimjibu kwamba nyota hazibadiliki, kwamba tofauti yoyote ya mwanga inayoonekana kwa macho husababishwa na hewa ya dunia, na kwamba nyota chache zinazobadilika kweli huonekana kwa darubini kubwa za Ulaya na Marekani tu. Lilikuwa jibu la upole na lugha yake ilikuwa safi. Hata hivyo, dai lake la kwanza si kweli, la pili ni nusu ya ukweli, na la tatu linaweza kukanushwa na mtu yeyote atakayelala chali kwenye mkeka uani kwake kati ya Julai na Novemba.

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na moja, na tangu nistaafu ninaishi Pangani, ambako taa za umeme bado hazijaufuta usiku. Nyota ninayotaka kuieleza inaitwa Eta Aquilae, na kwa ufupi nitaiita Eta. Inaonekana kwa macho matupu, inabadilika mwanga kwa zaidi ya mara mbili, na inarudia mabadiliko yake kila baada ya siku saba, saa nne na dakika kama kumi na nne, bila kuchoka na bila kungoja mtu aitazame.

Nianze na hewa, kwa kuwa hapo mwandishi wenu alikuwa na nusu ya haki. Nyota zinapometameta, hasa zikiwa chini karibu na upeo wa macho, ni kweli kwamba hewa ndiyo inayochezea nuru yake. Lakini mchezo huo ni wa sehemu ya sekunde, nao hauchagui, bali huzigusa nyota zote za upande ule. Ukungu au wingu jembamba nalo hupunguza nuru, ila huwapunguzia majirani wote kwa pamoja. Basi ikiwa nyota ilikuwa sawa na jirani yake mmoja siku ya Jumatano, na kufikia Jumatatu ikawa sawa na jirani mwingine aliye hafifu zaidi, ilhali majirani hao wawili wamebaki baina yao kama walivyokuwa, hewa haina hatia. Uchunguzi wote wa nyota badilifu kwa macho umesimama juu ya hoja hiyo ndogo: hukadirii mwanga wa nyota peke yake, maana jicho ni hakimu dhaifu wa mwanga, lakini unailinganisha na majirani wasiobadilika, na katika kulinganisha jicho ni hakimu mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Eta iko katika kundinyota la Ukabu, yaani tai, ambalo nyota yake kuu ni Altair. Jina la Altair limetokana na Kiarabu, an-nasr at-tair, tai arukaye. Baadhi ya maandishi ya Kiswahili huiita Tairi, jina ambalo kila nilipoliandika ubaoni darasa zima lilicheka kwa sababu ya matairi ya gari, nami hadi nastaafu sikuwa nimepata dawa ya kicheko hicho. Katika mwezi huu wa Septemba, ikifika saa tatu usiku, Altair huwa juu sana kwa mtu aliye katika pwani ya Tanga, ikielemea kaskazini kidogo ya utosi wa mbingu. Ina nyota mbili pembeni, moja kila upande, ambazo pamoja nayo hufanya mstari mfupi: ile iliyo ng'avu zaidi, Gamma, iko upande wa kaskazini, na ile hafifu, Beta, iko upande wa kusini. Toka Altair uende Beta, kisha endelea kusini, ukipinda magharibi kidogo tu, kwa umbali wa mara mbili ya ule uliokwisha kwenda, nawe utaikuta Eta. Ili kuhakikisha hukupotea, angalia kama iko baina ya nyota nyingine mbili, Delta upande wa magharibi na Theta upande wa mashariki, karibu juu ya mstari unaoziunganisha. Kusini-magharibi mwa Eta, kwa upana unaokaribia vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, kuna nyota hafifu iitwayo Iota, ambayo msomaji asiidharau kwa sababu ndiyo tutakayoihitaji zaidi.

Wanaastronomia hupanga mwanga wa nyota kwa madaraja, na hesabu yao imepinduka kidogo kwa kuwa daraja lenye namba ndogo ni la nyota ng'avu zaidi. Delta ni ya daraja la 3.4, Beta ni ya 3.7, na Iota ni ya karibu 4.4. Eta hutembea baina ya 3.5 na 4.4. Kwa maneno mengine, ikiwa kileleni hukaribia kulingana na Delta, na ikiwa imefifia kabisa huwa kama Iota. Mtu hahitaji kujua namba hizo, kwani inatosha ajiulize kila usiku swali moja: je, leo Eta inashinda Beta au inashindwa nayo, na kama inashindwa, imeikaribia Iota kwa kiasi gani?

Mwaka jana nilifanya hivyo na mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Tuliwekeana sharti kwamba kila mmoja ataandika makadirio yake katika daftari lake bila kumwonyesha mwenzake, na kwamba hakuna kusoma ya jana kabla ya kuandika ya leo, kwa sababu mtu akishajua nyota inatakiwa kuwa wapi, macho huanza kumtii badala ya kutazama. Wiki ya kwanza hatukukubaliana karibu kwa lolote. Macho yangu ya uzeeni yanahitaji zaidi ya robo saa gizani kabla hayajaanza kazi, na mimi nilikuwa nikitoka ndani moja kwa moja, kutoka kwenye taa, na kutoa hukumu. Tuliporekebisha hilo, madaftari yakaanza kupatana. Jumatano moja sote tuliandika kwamba Eta imekaribia kulingana na Delta, Jumapili iliyofuata ilikuwa imeshuka chini ya Beta bila shaka yoyote, na Jumatatu mjukuu aliandika kwamba ni sawa na Iota, wakati mimi niliandika kwamba imeizidi kidogo. Kilichotushangaza ni kilichofuata, kwani tulitarajia ipande polepole kama ilivyoshuka, kumbe Jumatano ilikuwa imekwisha kurudi karibu na mahali pake pa juu. Kushuka huchukua karibu siku tano na kupanda huchukua siku mbili na kidogo, na hiyo tabia ya kupanda mbio na kushuka kwa kujivuta ndiyo alama ya ukoo wake. Vifaa vya kupimia havihitajiki kulijua hilo; mtoto wa kidato cha pili aliliona kwa macho na akaliandika kwa penseli.

Mzunguko huo wa siku saba na saa nne una jambo la kupendeza kwa yeyote anayehesabu wiki. Kilele kikitokea Jumatano usiku, wiki inayofuata kitachelewa kwa saa nne na robo hivi, kwa hiyo baada ya wiki sita kitakuwa kimehama kutoka Jumatano hadi Alhamisi. Daftari letu la wiki ya saba lilielekea huko, ingawa sitaliapia, kwa kuwa mawingu ya vuli yalianza mapema na yakatunyima siku mbili zilizokuwa muhimu. Mjukuu alisema kwamba nyota hii ina juma lake yenyewe. Sijapata kusikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na nilimwambia hivyo.

Sasa kuhusu darubini kubwa za Ulaya. Mabadiliko ya Eta yaligunduliwa katika mji wa York, Uingereza, na mtu aitwaye Edward Pigott, usiku wa tarehe 10 Septemba 1784, yaani katika mwezi kama huu tulio nao. Alikuwa akifanya kazi pamoja na jirani na rafiki yake, John Goodricke, kijana kiziwi ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Nishani ya Copley ya Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, kwa kazi yake juu ya nyota nyingine badilifu, Algol. Mwezi mmoja baada ya Pigott kuiona Eta, Goodricke aligundua kwamba nyota ya Delta katika kundinyota la Cepheus nayo hubadilika kwa mtindo ule ule, kwa mzunguko wa siku tano na saa tisa hivi. Aprili 1786 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na siku nne baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Ukoo mzima wa nyota za namna hii huitwa sefeidi kwa sababu ya nyota hiyo ya Goodricke, hata kama Eta ilionwa kwanza. Kaka ametangulia kuzaliwa, lakini ukoo umechukua jina la mdogo, na Pigott, kwa kadiri ya maandishi yake, hakuonekana kuwa mtu wa kugombania mambo ya aina hiyo.

Nimewataja wawili hao kwa sababu moja. Kutoka York, Eta haipandi zaidi ya nyuzi thelathini na saba juu ya upeo wa kusini, na mtu huitazama kupitia hewa nene, katika mji wenye mawingu mengi. Eta iko nyuzi moja tu kaskazini mwa ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Kwetu Pangani hupita nyuzi sita tu kutoka utosini, na kwa watu wa Kisumu, Kampala na Kisangani hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyao, mahali ambapo hewa ni nyembamba kuliko upande mwingine wowote wa anga. Delta Cephei, kwa upande wake, sisi huiona chini sana upande wa kaskazini, na mwenye mnazi au nyumba ya ghorofa upande huo haioni kabisa. Kwa hiyo kati ya hizo mbili, ile iliyopoteza jina la ukoo ndiyo iliyotuangukia sisi, na tumeipata mahali pazuri kuliko walioigundua.

Msomaji ataniuliza ni kitu gani kinachoifanya nyota ipumue. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu hawakukubaliana. Mwaka 1894 Aristarkh Belopolsky, akiwa Urusi, alipima nuru ya Delta Cephei na kukuta kwamba uso wake hutujia na kutukimbia kwa mzunguko ule ule wa mwanga, na kwa miaka mingi watu walidhani kuna nyota mbili zinazozungukana. Mwaka 1914 Harlow Shapley alionyesha kwamba dhana hiyo haisimami, kwa sababu nyota hizi ni kubwa mno kiasi kwamba hiyo ya pili ingelazimika kuzunguka ndani ya mwenzake. Kinachotujia na kutukimbia ni uso wa nyota yenyewe, inapovimba na kunywea. Eta ina nusu kipenyo kinachozidi mara hamsini ya kile cha Jua. Ingewekwa mahali pa Jua, uso wake ungefika zaidi ya nusu ya safari ya kwenda Utaridi, na kila juma lake uso huo husogea nje na kurudi ndani kwa mamilioni ya kilomita.

Sababu yake inafanana na sufuria ya maji yenye kifuniko kizito. Mvuke ukibanwa, hukusanya nguvu, hukiinua kifuniko, hutoroka, kifuniko huanguka, na mambo huanza upya. Arthur Eddington ndiye aliyetoa wazo kwamba ndani ya nyota lazima kuwe na kitu kama valvu ya injini, na katika miaka ya 1950 Sergei Zhevakin akaonyesha kwamba valvu hiyo ni tabaka la gesi ya heli lililo chini kidogo ya uso. Nyota inaponywea, tabaka hilo hubanwa na kupata joto hadi atomu za heli zilizokwisha poteza elektroni moja zinapoteza na ya pili. Hapo tabaka huwa zito kwa nuru, huzuia joto linalotoka ndani, na shinikizo hukua hadi kuisukuma nyota nje. Ikishavimba, tabaka hupoa, elektroni hurudi, nuru hupata njia, shinikizo hupungua, na nyota huanguka tena kwa uzito wake. Mfano wa sufuria una kasoro moja, ambayo wanafunzi wangu hodari waliigundua kila mwaka, kwamba kifuniko cha sufuria hakizidi kuziba kwa kubanwa ilhali kile cha nyota huzidi. Wasioridhika na mfano wana haki. Nuru yenyewe hubadilika zaidi kwa sababu ya joto la uso kuliko kwa sababu ya ukubwa, na ndiyo maana Eta haiwi ng'avu zaidi inapokuwa kubwa zaidi: huwa ng'avu zaidi ikiwa bado njiani kuvimba, uso wake ukiwa na moto.

Mwandishi wenu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu na hayamfai msomaji wa kawaida. Ningekubaliana naye kama nyota hizi zisingekuwa ndizo zilizotupatia rula ya kupimia ulimwengu. Usiku mtu akisimama ufukweni hapa Pangani, huona taa za karabai za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa baharini, nyingine kali na nyingine kama cheche. Akijua kwamba karabai zote zina nguvu moja, anaweza kukadiria kila chombo kiko mbali kiasi gani, kwa kuwa taa iliyo mbali mara mbili huonekana na robo ya mwanga. Asipojua nguvu ya taa, hana pa kuanzia, kwa maana cheche ile inaweza kuwa karabai ya mbali au koroboi ya karibu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Harvard, alionyesha namna ya kujua nguvu ya taa. Alipima picha zilizopigwa Arequipa, Peru, akachukua nyota badilifu 25 zilizomo katika Wingu Dogo la Magellan, ambalo kwa kweli ni mkusanyiko wa nyota, na ambazo kwa kuwa zimo katika wingu moja zote ziko umbali unaokaribiana kutoka kwetu, akakuta kwamba kadiri mzunguko wa nyota unavyokuwa mrefu ndivyo nyota yenyewe ilivyo ng'avu. Kuanzia hapo, anayehesabu siku za mzunguko anajua nguvu ya taa, na anayejua nguvu ya taa hupata umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata sefeidi ndani ya wingu la Andromeda, akahesabu siku zake, na akajua kwamba wingu lile liko mbali sana nje ya mkusanyiko wetu wa nyota, nalo ni mkusanyiko mwingine kamili. Leavitt alifariki mwaka 1921, hakuyaona hayo. Naye pia, kama Goodricke, alikuwa na tatizo la kusikia, jambo ambalo nilikuwa nikilitaja darasani kila mwaka bila kuongeza neno, kwa sababu karibu kila darasa lilikuwa na mtoto mmoja wa mstari wa mbele aliyelihitaji.

Wingu Dogo la Magellan lenyewe, kwa taarifa ya wasomaji, huonekana kutoka pwani yetu bila darubini katika usiku wa Novemba usio na mwezi, chini upande wa kusini, kama doa la moshi.

Kuna nyota nyingine ya ukoo huu iliyo karibu zaidi na historia yetu, ingawa kutoka hapa haionekani. Mabaharia wa pwani hii walizitaja pande za dira kwa majina ya nyota: kaskazini iliitwa jaa na kusini iliitwa suheli. Jaa ni nyota iliyo karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya mbingu. Nahodha aliyeondoka hapa na upepo wa kusi kwenda Omani alikuwa haioni hadi apite ikweta, ndipo inyanyuke kidogo kidogo juu ya bahari mbele ya omo, na kufikia Maskati ilikuwa juu kwa nyuzi zaidi ya ishirini. Ilisifiwa kwa kutohama, na sifa hiyo inaistahili. Lakini mwanga wake haukutulia, kwani jaa ni sefeidi, hupanda na kushuka kila baada ya siku nne hivi kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa jicho. Mwishoni mwa karne ya 20 mapigo yake yalipungua hata baadhi ya wataalamu wakafikiri yanakoma, kisha yakaanza kukua tena. Sisemi hili ili kumshushia mtu heshima ya nyota yake. Nalisema kwa sababu mwandishi wenu aliandika kwamba nyota ni "mfano wa kitu kisichobadilika", na nyota iliyotumiwa kwa mfano huo kuliko zote ni hiyo.

Nisichokielewa ni jinsi gazeti lilivyo na kumbukumbu fupi. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, nyota nyekundu ya Betelgeuse, ile ambayo kwa Kiswahili huitwa Ibuti la Jauza, ilififia sana, na magazeti mengi duniani yaliandika kwamba inakaribia kulipuka. Haikulipuka, na baadaye ilielezwa kwamba wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe lilikuwa limeziba sehemu ya nuru yake. Hata bila kisa hicho, Betelgeuse ni nyota inayopiga mapigo, ya polepole na yasiyo na utaratibu mkali, yenye mzunguko unaokaribia siku mia nne. Gazeti likiandika habari za nyota inayofifia pale tu inapodhaniwa kwamba italipuka, kisha likamwambia mtoto kwamba nyota hazibadiliki, mtoto huyo amechanganywa na watu wazima wawili walio chini ya paa moja.

Tena kila Jumamosi mnatenga nusu ukurasa kwa safu ya "Nyota Yako Wiki Hii", ambayo inasema kuhusu fedha, mapenzi na safari za wasomaji waliozaliwa mwezi fulani. Sina ugomvi na anayeifurahia, mke wangu huisoma kabla ya habari za bei ya mahindi. Naomba tu kwamba katika gazeti ambalo nyota zina nusu ukurasa, robo ya safu ipewe nyota yenyewe.

Maombi yangu kwako, Mhariri, ni mawili. La kwanza ni kwamba jibu lile lisahihishwe katika ukurasa ule ule wa wanafunzi, na si katika pembe ya barua ambayo watoto hawaisomi, na kwamba mwanafunzi aliyeuliza aombwe aitaje nyota yake na tarehe alizoitazama. Inawezekana alidanganywa na ukungu, na inawezekana pia kwamba aliona mabadiliko ya kweli; mtu mzima hapaswi kumkatia tamaa mtoto aliyetazama angani mara mbili na kukumbuka. La pili ni kwamba mchapishe mchoro niliouambatanisha, ili wanafunzi na walimu wao waweze kuifuata Eta kuanzia sasa hadi mwisho wa Oktoba, anga la demani likiwa bado safi. Wanaoishi katikati ya Dar es Salaam au Mombasa watapata shida kuiona Iota kwa sababu ya taa za mji, na wote wataikosa wakati mwezi mpevu uko karibu nayo, kwa hiyo nimeandika chini ya mchoro kwamba wiki yenye mwezi mkubwa iachwe.

Namwomba pia mpiga chapa asiugeuze. Karibu ramani zote za nyota zilizomo vitabuni zimechorwa kwa mtu wa kaskazini anayeelekea kusini, na mwaka 1998 nilipoteza jioni mbili nikiitafuta Iota upande usio wake kwa sababu niliifuata ramani kama ilivyokuwa. Mchoro wangu ni wa mtu aliyelala chali, kichwa kusini na miguu kaskazini: Altair iko chini, Eta iko juu yake, Delta iko mkono wa kushoto na Theta mkono wa kulia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga